Bruckner Asiyeimbwa Sana: Kumtafuta Mtandaoni na Kumfikisha Kwayani

Mwalimu wa kwaya wa Masasi au Nachingwea akiandika YouTube jina la mtunzi wa Austria, "Anton Bruckner", kinachotangulia ni simfonia: saa nzima, okestra kubwa, na bando linayeyuka. Nyimbo fupi za kanisa, ambazo kwaya ya parokia inaziweza bila ala yoyote, zimefukiwa chini kabisa. Usianze kwa kutafuta jina, basi. Anza na orodha ya kazi zake, yaani WAB, ambayo Renate Grasberger aliitoa mwaka 1977.

Namba za WAB hazifuati miaka. Nyimbo zimepangwa kwa aina, kisha kwa alfabeti. Faida yake utaiona kwenye majina yanayojirudia: Ave Maria ziko tatu. WAB 5 ya 1856 inataka kinanda na waimbaji wa solo, WAB 6 ya 1861 ina sauti saba bila ala, WAB 7 ya 1882 ni ya sauti moja ya pili na kinanda. Ukitafuta kwa jina tu, utachapisha isiyo yako.

Chuja orodha kwa watu ulionao, tena wale wanaofika mazoezini hata msimu wa korosho. WAB 6 ni nzuri mno, lakini inagawa sauti ya pili, ya tatu na ya nne mara mbili kila moja. Ukiwa na wanaume watano, iache. Locus iste (WAB 23, 1869) ndiyo mlango: sauti nne, kurasa chache, maneno ya kutabaruku kanisa. Inapoharibika ni katikati, kwenye "irreprehensibilis est". Sauti ya nne imenyamaza, nyingine zinashuka kwa nusu-nusu, na kwa kuwa chini hakuna wa kushikilia, kwaya inateleza. Fundisha kipande hicho peke yake, polepole, kinanda kikiguswa mara mojamoja tu kukagua.

Ukitoka hapo, nenda Vexilla regis (WAB 51, 1892), wimbo wake wa mwisho wa aina hii, unaofaa Ijumaa Kuu. Halafu Os justi (WAB 30, 1879). Huu hauna kruzi wala bemoli mwanzo hadi mwisho, na ndipo watu wanapodanganyika: unasikika kama uko F, mwalimu anaweka do kwenye F, na waimbaji wanashusha B kwa mazoea. Weka do kwenye C, mwanzo uanze kwa fa, na B itakuwa ti bila ugomvi. Jua pia kwamba mahali fulani sauti hugawanyika hadi nane.

Parokia yenye mwimbaji mmoja hodari wa sauti ya pili isiipite Misa ya Windhaag (WAB 25): sauti hiyo, horni mbili na kinanda, basi. Bruckner aliiandika akiwa mwalimu msaidizi wa kijijini.

Nota zenyewe zitafute kwanza CPDL, maktaba ya kwaya inayojazwa na watu wa kujitolea, kisha IMSLP, maktaba nyingine ya nota mtandaoni. CPDL mara nyingi ina PDF pamoja na faili la MusicXML, yaani nota zinazoweza kuhaririwa. IMSLP ina skani za matoleo ya zamani, na hizo zikague kabla ya kulipia steshenari: baadhi zina ufunguo wa C kwa sauti tatu za juu, na asiyeuzoea atasoma nota zote kimakosa. Angalia ukubwa wa faili ulioandikwa pembeni. Skani ya kitabu kizima inaweza kula MB nyingi wakati unahitaji kurasa tatu.

MusicXML ifungue kwa MuseScore, programu ya kuandika nota, kwenye kompyuta; yenyewe ni ya bure. Usitumie MIDI, faili la kuchezea muziki tu, kutengenezea nota, maana midundo mara nyingi hutoka imevurugika. Kwenye kichanganyio ongeza sauti moja, nyingine zipunguze bila kuzizima, kisha toa MP3 ya kujifunzia sauti hiyo. Dakika tatu kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 1.4, inapita WhatsApp hata mtandao ukiwa dhaifu.

Rekodi sikiliza mbili tofauti. Za Austria na Ujerumani mara nyingi hutamka "ecce" kama "ektse", ilhali Kilatini cha Roma ni "eche". Chagua kimoja kabla ya mazoezi ya kwanza.

Bruckner alifariki 1896, hivyo nyimbo zake hazina mwenyewe tena. Toleo jipya lililohaririwa, au rekodi, laweza kuwa na haki zake. CPDL huandika masharti kando ya kila faili. Yasome kabla ya kutoa nakala za kwaya nzima.