Kuchora uso ulio chini ya mwavuli, kwa kumfuata Goya

Mwavuli wenyewe ni wa kijani, na kijani hicho ndicho kinachonirudisha kila mara kwenye picha iitwayo “Mwavuli” (El quitasol). Mchoraji Mhispania Francisco Goya aliichora mwaka 1777, kwa mtindo wa Rokoko uliopenda maisha mepesi na rangi za furaha: binti amekaa chini, upepeo mkononi, mbwa mdogo mapajani, na kijana nyuma yake amemkingia jua. Leo iko makumbusho ya Prado, Madrid. Itazame kwa utulivu kabla hujashika brashi. Uso wa binti umo kivulini, lakini haukufa.

Mimi humkalisha mpwa wangu juu ya baraza ya nyumba yetu, Mkunazini, Zanzibar, saa kumi alasiri. Saa sita mchana usijaribu. Jua letu huwa utosini, mwavuli ukamfunika mtu mwili mzima, ukakosa jua la kulinganisha na kivuli. Alasiri ukiulaza mwavuli kidogo, uso unaingia kivulini na kanga ya mapajani inabaki inawaka, kama ile sketi ya njano ya Goya.

Wewe kaa chini kabisa. Mimi hukalia mbuzi ya kukunia nazi. Sababu ni kwamba picha ile ilikuwa kielelezo cha mafundi wa kufuma, na kitambaa chao kilikusudiwa kukaa juu ya mlango wa chumba cha kulia, kwenye kasri la El Pardo. Milango yetu ya Mji Mkongwe ina nakshi mahali hapo hapo. Inua macho uitazame, utaelewa kwa nini Goya aliwapanga watu wake wakapanda kama mlima.

Turubai ipake kwanza rangi ya udongo mwekundu, iache ikauke. Ukianzia kwenye nyeupe, kila kivuli kitaonekana kizito kuliko kilivyo.

Sasa kivuli. Usiguse nyeusi. Mara ya kwanza niliigusa, mtoto akatoka kama aliyepakwa masizi, na mama yake alinyamaza tu alipoiona. Mpwa wangu ni maji ya kunde, kwa hiyo nachanganya hudhurungi na nyekundu kidogo, halafu tone la kijani kwa paji la uso na shavu la juu, maana jua likipenya kitambaa cha mwavuli hushuka na rangi yake. Chini ya kidevu fanya kinyume: tia njano, kwa kuwa hapo mwanga unapanda kutoka kwenye kanga. Mpaka wa jua na kivuli ulainishe rangi ikiwa bado mbichi.

“Mjomba, mkono umekufa ganzi,” huniambia kila mara. Siku hizi mpini wa mwavuli naufunga kwenye nondo za dirisha kwa kipande cha kamba ya usumba, na mikono yake anaitumia kushika upepeo.