Namna ya kutoa maoni ya riwaya ya mahaba na upelelezi bila kuharibu utamu

Ukimaliza The Man in the Brown Suit ya Agatha Christie (1924) usikimbilie kuandika "haiwezekani kabisa", hiyo ni riwaya ya kuchangamsha, binti anayeitwa Anne anaona mtu kaangukia reli ya treni za chini ya ardhi London halafu anachukua hela yake yote anakata tiketi ya meli mpaka Afrika Kusini, sasa hapo unataka uhalisia gani jamani? We sema ulichekea wapi, shajara ya Sir Eustace (yule mbunge aliyemo kwenye meli hiyo) kwa mfano, na kama yule mpenzi wa Anne kakuvutia au kakuboa (mi kaniboa kidogo). Mhalifu usimtaje, hata kwa kuzunguka. Ila Waafrika humo wamewekwa pembeni tu, hilo liseme waziwazi.