Ukiitwa intavyuu ya umeneja Arusha au Moshi, anza kujiandaa na swali la mzee

Nimefanya intavyuu nne za umeneja ndani ya miaka mitatu, tatu Arusha na moja Moshi, zote za hoteli na lodge, ya nne ndo nikapata. Siku hizi na mimi naitwa kukaa upande wa pili wa meza kusaili wengine, na naona watu wazuri kabisa wanakosa kazi kwa makosa yale yale niliyoyafanya mimi. Inaniuma kwakweli, ndo mana naandika.

Kosa kubwa ni hili. Mtu amekuwa supavaiza wa mapokezi miaka sita, kazi anaijua nje ndani, akiambiwa "tueleze kuhusu wewe" anaanza kusimulia anavyopokea wageni, anavyoingiza buking, anavyojua kutumia mfumo wa kompyuta. Yote ni kweli ila hiyo ni kazi ya mikono yake mwenyewe, wakati nafasi iliyotangazwa ni ya kusimamia mikono ya wengine. Pale mezani wanawaza kitu kimoja tu, huyu tukimkabidhi watu thelathini kule porini alafu sisi tukarudi zetu mjini, mambo yatakwenda?

Ndo linapokuja swali la mzee. "Una mfanyakazi ana miaka hamsini na tano, yupo hapa tangu lodge inafunguliwa, wewe una thelathini na mbili. Anachelewa kila siku. Utafanyaje?" Wengine wanasema mpishi, wengine mlinzi, wengine dereva, ila sijawahi kukaa kwenye intavyuu ya umeneja likakosa kuulizwa kwa namna moja au nyingine. Mara ya kwanza, kwenye ofisi moja Njiro, nililijibu harakaharaka kama mtu aliyekariri, nitampa onyo la mdomo, akirudia la maandishi, akirudia tena kikao cha nidhamu. Mama mmoja kwenye paneli akanisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Sawa mwanangu, na asubuhi ukikutana nae utamsalimiaje?"

Nilinyamaza. Mana ukweli ni kwamba nitamwamkia shikamoo kama kawaida, na sikuwa nimewahi kufikiria mtu anatoa vipi barua ya onyo kwa mtu anayemwamkia. Huku kwetu huwezi kumfokea mtu wa umri wa baba yako mbele ya vijana wa jikoni alafu utegemee kesho yake jikoni pawe na amani, hata hao vijana wanaojua kabisa kwamba mzee kakosea watakuona wewe ndo huna adabu. Na kumuacha nako haiwezekani, ukimuacha achelewe kisa mzee basi baada ya wiki mbili zamu nzima inachelewa. Wanaosaili wanataka kusikia vyote viwili kwenye jibu moja, heshima na utaratibu, na wanataka waone umeshawahi kufanya na sio unabuni pale pale.

Kwahiyo usiseme "ningefanya hivi", simulia ulichofanya. Intavyuu ya nne niliwapa kisa cha mpishi wetu ambae mimi namwita babu mpaka leo. Alikuwa anatakiwa kuingia saa kumi na moja alfajiri anaingia saa kumi na mbili na nusu, wageni wanaowahi kutoka na gari wanakosa chai. Nikamfata mchana kazi ya lunchi imeisha, pembeni ya stoo sio ofisini, nikamwamkia, nikamuuliza nyumbani kwema? Akaniambia bibi anaumwa miguu na hamna mtu mwingine wa kumuandaa asubuhi. Nikambadilishia shifti akawa anaingia saa nne na kufunga jikoni usiku, alfajiri akachukua chalii mmoja aliyekuwa anaitaka. Tulichokubaliana nikakiandika kwenye faili lake na tarehe, akasaini. Mwezi uliofuata akachelewa mara mbili kwenye shifti hiyohiyo mpya, hapo barua ya onyo ilitoka na nilimkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili, faragha. Basi, ikaisha.

Watakuchimba zaidi, "na kama asingebadilika?" Hapo onyesha unajua sheria, kwamba mtu hafukuzwi kwa hasira, anapewa tuhuma kwa maandishi, anapewa muda wa kujiandaa, anasikilizwa kwenye kikao na anaruhusiwa kuja na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi. Ukiruka hatua hizo kesi inaenda CMA, yani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoamua migogoro ya kazi, na kampuni inaweza kulipishwa fidia kwa kosa lako wewe meneja. Mwenye mali akisikia hivo anajua utamlinda.

Kabla ya siku yenyewe chukua daftari uandike visa vyako vitano vya namna hiyo. Ugomvi uliousuluhisha, mgeni aliyekasirika, hela uliyookoa, mtu uliyemfundisha akapanda cheo, na kosa ulilofanya wewe. Hilo la mwisho usilikwepe na usilete lile jibu la "udhaifu wangu nafanya kazi kupita kiasi", wanalisikia kila siku. Mimi niliwaambia nilivyoagiza nyama ya wiki nzima kwa kuangalia buking za zamani, kundi likaahirisha, nyama ikaharibika, na tangu hapo kila kundi nalihakikisha kwa simu siku tatu kabla. Alafu visa vyote visimulie kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mana intavyuu nyingi za hoteli ni Kiingereza na kisa ambacho hujawahi kukitamka kinakwama mdomoni hata kama lugha unaijua.

Hesabu nazo zipo ila sio za kutisha. Lodge ina vyumba 20, vyenye wageni ni 12, hiyo ni asilimia ngapi, unatakiwa useme 60 bila kushika simu. Swali lingine wanalolipenda ni la masika, Aprili na Mei wageni wanapungua, stafu utawafanyaje? Mtu ambaye hajajiandaa anajibu kupunguza watu. Sheria inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, sasa ukisema utazipanga nyingi hapo masika ili kuanzia Juni msimu ukifunguka kila mtu yupo kazini, na matengenezo ya vyumba yafanyike wakati huohuo, umewajibu maswali matatu kwa pamoja.

Kwa wadada, hili litakuja, "umeolewa? una mpango wa kuzaa lini?" Niliulizwa Moshi, na bahati mbaya nikaanza kujieleza mambo ya nyumbani kwangu dakika kumi nzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ndoa, jinsia au ujauzito, na inamlinda hata mtu ambaye bado anaomba kazi. Sio lazima uwasomee sheria pale, jibu kwa utulivu, "ratiba iliyoandikwa kwenye tangazo naiweza na niko tayari", alafu tulia. Ila mtu akikuomba hela ili upite, au akikuita uje kuonana nae peke yake gesti usiku, hiyo sio intavyuu tena, ni rushwa, na rushwa ya ngono ni kosa la jinai. Namba ya TAKUKURU ni 113 na ni bure. Tafadhali usikae kimya, mwenzako atakayeitwa kesho anakutegemea.

Safari. Moshi mpaka Arusha ni kama kilometa 80 lakini usipige hesabu ya kilometa, piga hesabu ya Coaster inayosimama Boma Ng'ombe, Kikatiti, Usa na Tengeru alafu ikutane na foleni ya kuingia mjini. Intavyuu ya saa tatu mimi natoka Moshi saa kumi na moja na nusu alfajiri, au nalala kwa ndugu Sakina kabisa. Ukifika stendi chukua bodaboda kama umechelewa, ila nguo nyeupe na vumbi la njia za ndani havielewani, kifodi (daladala ndogo) na kutembea kidogo ni salama zaidi. Kama mwenye mali yupo nje na mnaongea kwa Zoom, jaza bando, chaji simu ya pili, na namba yao iwe mkononi umeme ukikatika.

Sasa mshahara, hapa watu wanaumia sana. Ukiulizwa unataka shingapi usiseme "mtakachoona kinafaa". Taja kiasi, na uulize ni kabla ya makato au ni cha mkononi. Chukulia wamesema 1,500,000 kabla ya makato. Ukikatwa mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 ni 150,000, inabaki 1,350,000 ambayo ndo inakatwa kodi, na PAYE yake (kodi ya mshahara) ni 233,000. Mkononi 1,117,000. Kama ulisoma kwa mkopo, bodi ya mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yani 225,000 nyingine, unabaki na 892,000. Nimeona mtu amekubali kazi kwa furaha mwisho wa mwezi akapiga simu analia. Uliza pia chakula na malazi ya lodge ni bure au yanakatwa, na unakaa porini wiki ngapi ndo upewe siku za kurudi nyumbani.

Na overtaimu usiitegemee. Sehemu ya sheria inayohusu masaa ya kazi haimgusi mtu anayesimamia wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, na hiyo ndo kazi unayoenda kufanya, kwahiyo masaa yako yaingize kwenye mshahara unaoutaja tangu mwanzo. Miezi sita ya kwanza pia uende nayo kwa makini, kabla haijatimia kinga ya kutoachishwa kazi isivyo halali bado haijakufikia, soma mkataba wanasemaje kuhusu kipindi cha majaribio.

Wakiuliza unaweza kuanza lini, usiseme kesho ili kuwafurahisha. Mtu anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, na anayesaili anajua, ukimwambia utaondoka bila notisi anajua na yeye siku moja utamfanyia hivohivo. Mwambie "nikishasaini na nyie naandika notisi siku hiyohiyo, baada ya siku 28 nipo kazini". Na kweli usiiandike mpaka mkataba una sahihi zote mbili na nakala moja ipo kwenye begi lako.