Viza ya Ayalandi kwa anayekwenda Cobh: hatua zilizoniachia kovu

Cobh husomwa "Kov", maana kwa Kiairishi bh ni v. Ni mji mdogo wa bandari kusini mwa Ayalandi, nyumba zake za rangi zimepandana mlimani juu ya maji, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Colman limekaa juu yao wote kama mnyapara. Titanic ilitia nanga hapo kwa mara ya mwisho tarehe 11 Aprili 1912, wakati mji ukiitwa Queenstown. Sasa chukua hilo jina "Kov", ongeza u mwishoni, upate nilichobaki nacho mimi baada ya kuomba viza mara mbili. Mji wenyewe hauna kosa.

Naandika nikiwa na pasipoti ya Tanzania. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, haikuingizi Ayalandi, na ya Uingereza haimsaidii Mtanzania. Ya Ayalandi nayo haikufikishi Belfast, kwa sababu Belfast ni Uingereza. Kwa hiyo panga njia ya Dubai, Doha au Istanbul, ushukie Dublin moja kwa moja. London achana nayo, masharti ya kupita pale tu ni somo jingine.

Kuhusu muda, maombi hayapokelewi mapema zaidi ya miezi 3 kabla ya siku ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua kama wiki 8. Piga hesabu mwenyewe uone dirisha lilivyo jembamba. Tiketi usilipie mpaka viza iwe mkononi. Oda ya tiketi isiyolipiwa inatosha. Nimekaa foleni na mzee mmoja aliyekwisha kulipa nauli ya watu wanne, na kila mlango ukifunguliwa alikuwa anashika kifua.

Fomu inajazwa kwenye mtandao, kwenye mfumo uitwao AVATS. Viza ya matembezi ni ya aina ya C, isiyozidi siku 90; ya kuingia mara moja ni yuro 60, ya kuingia mara nyingi ni yuro 100. Andika namba ya maombi kwenye karatasi kabla umeme haujafanya yake. Ukimaliza unachapisha muhtasari, unatia saini na tarehe, na nyaraka zako ziwe zimefika ndani ya siku 30. Muhtasari huohuo ndio unaokuambia pa kupeleka nyaraka, kwa hiyo huna haja ya kumuuliza kijana wa steshenari, ingawa atakuambia tu.

Sasa tufike niliposulubiwa.

Aliyenialika ni dada yangu, nesi, anaishi hapo Cobh. Dada yangu kwa maana ya mtoto wa mama mkubwa. Tumelelewa nyumba moja, tumechapwa kwa fimbo moja, na sijawahi kumwita kitu kingine. Fomu ikauliza uhusiano wangu na mwenyeji. Nikaandika "sister". Dada naye, ambaye amekaa na wazungu miaka sita, kwenye barua yake ya mwaliko akaandika "cousin". Halafu mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikaambatanisha vyeti vya kuzaliwa vyenye mama wawili tofauti. Kama haitoshi, kwenye sababu ya safari nilichagua utalii, kwa kuwa nilitaka kuona bandari, badala ya kutembelea ndugu.

Wiki tisa baadaye jibu likaja na vifupisho viwili vya kukataa: INCO na F. INCO maana yake maelezo yako yanapingana. F ni fedha, nitaifikia. Nilikasirika siku mbili, siku ya tatu nikakubali kwamba afisa aliyesoma lile faili hakuwa na namna. Kwa Kiingereza nilikuwa nimedanganya.

Basi fanya hivi. Kabla hujagusa fomu, mpigie mwenyeji wako mkubaliane maneno: uhusiano, tarehe, unalala wapi, nani analipia nini. Mtoto wa baba mdogo ni "cousin". Mama mdogo ni "aunt", hata kama ndiye aliyekunyonyesha. Kisha kwenye barua yako ya maombi eleza mnyororo mzima: mama yangu fulani ni mdogo wa mama yake fulani. Mama zetu hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, ikabidi mjomba aende kwa wakili aape kwamba wale ni dada zake wa tumbo moja. Mjomba alicheka mpaka wakili akasimamisha kuandika.

Hati yoyote ya Kiswahili, kama barua ya mtendaji wa mtaa au cheti cha ndoa, itafsiriwe kwa Kiingereza. Tafsiri iwe na tamko la mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano yake. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa na muhuri mkubwa wa bluu na haikuwa na tarehe. Muhuri tunaupenda sisi, wao wanasoma tarehe.

Barua ya mwajiri ndiyo iliyonipotezea muda wa bure. Wanataka iwe kwenye karatasi yenye nembo, saini ya kalamu, cheo cha aliyesaini, barua pepe ya kampuni na namba ya simu ya mezani. Ya mezani! Ofisini kwetu simu ya mezani ipo, juu yake pamewekwa ua la plastiki. Bosi anatumia barua pepe yake binafsi tangu kampuni ianze. Nilizunguka siku kumi na moja mpaka laini ikafufuliwa na anwani ya kampuni ikapatikana. Anza na hili, mengine yatakungoja.

Fedha: taarifa ya benki ya miezi 6, ya asili, yenye jina na namba ya akaunti. Kiasi si tatizo kubwa kama mshtuko. Mimi mgao wa kikoba, milioni nne, uliingia wiki mbili kabla sijaomba, katika akaunti iliyozoea kuvuta pumzi kwa laki mbili. Hapo mtu yeyote atadhani umeazimwa hela ya maonyesho. Mara ya pili niliweka barua ya katibu wa kikoba, nakala ya ukurasa wa daftari wenye michango yangu ya mwaka mzima, na tafsiri yake. Sikuongeza hata shilingi, na F haikurudi.

Ukikataliwa, usifanye pupa kama mimi. Nililipa yuro 60 nyingine kabla sijamaliza kusoma barua, kumbe chini imeandikwa kwamba rufaa ni bure, ndani ya miezi 2, mara moja tu kwa kila ombi.

Viza ikitoka bado si ruhusa ya kuingia. Mwenye neno la mwisho ni afisa wa mpakani. Beba mkononi barua ya mwaliko, bima ya safari na tiketi ya kurudi, usivitie kwenye begi la chini. Afisa aliniuliza naenda wapi, nikamjibu "Kobu". Akarudia swali. Nikamwonyesha karatasi, akatabasamu, akanifundisha kulitamka, akagonga muhuri.

Kutoka uwanja wa ndege wa Dublin kuna basi la moja kwa moja hadi jiji la Cork, mwendo wa kama saa tatu, au treni toka kituo cha Heuston mjini Dublin, mwendo wa kama saa mbili na nusu. Cork unapanda treni ndogo kituo cha Kent, chini ya nusu saa uko bandarini. Angalia kibao vizuri, kwa sababu treni za Cobh na za Midleton zinaanza kwenye reli moja. Ukijikuta kwenye ya Midleton, shuka Glounthaune usubiri inayofuata. Koti liwe mkononi, mvua ya pale haibishi hodi.