Ford 8N ya volti 6 kwenda volti 12: geji za zamani zibaki mahali pake

Trekta ya Ford 8N, iliyoundwa Marekani kuanzia 1947 hadi 1952, ilitoka kiwandani na umeme wa volti 6, ethi (ncha ya betri inayofungwa kwenye bodi) ikiwa chanya. Wengi wakifunga betri ya volti 12 na altaneta (mashine inayochaji betri), na kuhamishia ethi kwenye hasi, hung'oa na geji, wakidhani hazitafaa tena. Inaniuma, kwa sababu geji hizo bado zina kazi.

1. Jua geji inapima nini. Ya presha ya oili haitumii umeme. Oili yenyewe hupanda kwa bomba jembamba na kuusukuma mshale. Usiiguse. Ya mafuta usiitafute, 8N haina. Ina akiba kwenye koki ya tangi. Inabaki amita, yaani geji ya ampia.

2. Chomoa waya za betri kwanza. Kwenye trekta hizi waya wa amita mara nyingi hauna fyuzi. Spana ikigusa bodi huku betri imeunganishwa, waya zitaungua.

3. Geuza waya za amita. Amita hupima ampia, haijali volti ni 6 au 12. Kilichobadilika ni ethi, ambayo sasa ni hasi, kwa hiyo mshale utasoma kinyume. Badilisha nafasi za zile waya mbili za nyuma. Kama amita yako ni ya kitanzi, ambayo waya hupita bila kufungwa na nati, upitishe ukitokea upande wa pili.

4. Jaribu injini ikiwa imezimwa. Washa taa: mshale uelekee hasi. Ukienda chanya, rudi hatua ya 3. Kisha piga stata. Injini ikishanguruma, mshale uende upande wa chanya, halafu ushuke taratibu karibu na sifuri betri inapojaa.

5. Pima ukubwa wa altaneta. Hapa ndipo amita nyingi hufa. Soma namba ya mwisho kwenye uso wake; nyingi za enzi hizo huishia 30. Altaneta ya ampia 63 ikikuta betri imekufa kabisa inaweza kupitisha zaidi ya hizo 30. Chagua altaneta ndogo, na betri iliyokufa ichaji kwa chaja kabla ya kuwasha. Wapo wanaopeleka waya wa altaneta moja kwa moja kwenye betri; ni salama, ila amita haitaonyesha tena chaji, itabidi uongeze geji ya volti. Mimi sipendi njia hiyo.

6. Trekta nyingine yenye geji ya mafuta ya umeme. Hiyo ya volti 6 haivumilii 12. Rezista moja haitoshi, kwani mkondo hubadilika boya la ndani ya tangi linapopanda na kushuka. Tumia regyuleta 7806, kifaa kidogo cha elektroniki kinachoshusha volti, inayotoa volti 6 na kubeba hadi ampia 1. Pima kwanza geji inakula ampia ngapi. Regyuleta ikaze kwenye chuma ipoe, kisha jaza tangi uone kama mshale unafika mwisho.