Maelekezo ya mazishi: jinsi ya kuyaandika ili yafuatwe

Kosa linaloharibu matakwa mengi ni kuyaandika ndani ya wosia wa mali na kuishia hapo. Wosia kwa kawaida hufunguliwa baada ya matanga, pengine baada ya arobaini, na wakati huo mwenyewe ameshazikwa. Mtu akifariki asubuhi hapa Dodoma, kufikia jioni ndugu wako chini ya turubai wakijadili mwili ulale wapi, uzikwe wapi na nani atoe nini. Karatasi isiyofika kwenye kikao hicho haina kazi. Kwa hiyo andika karatasi mbili: wosia wa mali, na ukurasa mmoja wa maelekezo ya mazishi unaojitegemea.

Jua pia mipaka ya karatasi hiyo. Sheria ya Kiingereza, ambayo ndiyo mzizi wa sehemu kubwa ya sheria zetu, ilisema katika kesi ya mwaka 1882 kwamba maiti si mali ya mtu, hivyo marehemu hawezi kuurithisha mwili wake kama anavyorithisha shamba. Katika kesi hiyo bwana mmoja alimwachia rafiki yake wa kike agizo la kuuchoma mwili wake. Familia ikamzika, rafiki akaufukua na kuuchoma Italia, kisha akadai gharama zake mahakamani na kushindwa. Karibu na sisi kuna mvutano wa wakili S. M. Otieno wa Kenya. Alifariki Desemba 1986, mjane wake akasema mumewe alitaka kuzikwa karibu na Nairobi, ukoo ukadai azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochwari miezi mitano, na mwisho ukoo ukashinda. Hakukuwa na agizo la maandishi. Kila upande ulileta mashahidi wa maneno ya mdomo.

Sisi tunaamini kwamba mtu anastahili kusikilizwa juu ya mwili wake hata baada ya kufa. Lakini agizo hilo litabebwa na wengine, wakiwa wamelia usiku kucha na mfukoni hawana kitu. Liandike libebeke.

Anza na mahali. Dodoma ya sasa imejaa watu waliohamia kikazi kutoka Kagera, Kilimanjaro, Mbeya na kwingineko, na wengi huandika tu "nizikwe nyumbani". Nyumbani wapi? Taja kijiji, kata na wilaya, na kama ni shambani taja upande wa makaburi ya familia. Ukitaka kuzikwa hapahapa, kumbuka kiwanja kilichopimwa mjini kimepangiwa makazi. Usiandike "nizikwe uani" bila kuuliza ofisi ya ardhi ya Jiji. Hata shamba la pembeni lifikirie mara mbili. Mji unapanuka kwa kasi kuelekea Nala, Ihumwa na Msalato, na ardhi ikitwaliwa kwa mradi wa umma, kaburi linaweza kuhamishwa kwa Sheria ya Uhamishaji wa Makaburi ya mwaka 1969. Vilevile kaburi lililo katikati ya shamba huwapa watoto taabu siku wakitaka kuliuza.

Kisha pima muda. Kwa joto la hapa, hasa Oktoba hadi Desemba, mwili usiowekwa kwenye jokofu huanza kuharibika ndani ya siku moja au mbili. Safari ndefu ina maana ya jokofu na dawa, yaani formalini inayoingizwa kwenye mishipa. Hapa ndipo maagizo mengi hugongana yenyewe kwa yenyewe: mtu anaandika "nisiwekewe dawa" na mstari unaofuata "nisafirishwe Bukoba". Chagua moja. Mwislamu anayetaka kuoshwa, kuvishwa sanda (vipande vitatu kwa mwanamume, vitano kwa mwanamke) na kulazwa kwenye mwanandani (uwazi wa pembeni ndani ya kaburi) siku hiyohiyo, aandike wazi azikwe pale alipofia. Hiyo itawaondolea wanawe lawama za wajomba.

Fedha ndiyo inayovunja maagizo kuliko ugomvi. Orodhesha kinachohitajika: mochwari kwa siku, dawa, jeneza au sanda, gari na mafuta ya kwenda na kurudi, kuchimba na kujengea kaburi, chakula, turubai na viti. Uliza bei za sasa na ziandike. Usiweke akiba hiyo kwenye akaunti yako peke yako, kwa sababu benki ikijua umefariki huzuia akaunti mpaka ateuliwe msimamizi wa mirathi. Iweke kwenye chama cha kuzikana, au akaunti ya pamoja na mtu unayemwamini. Msaada wa mazishi wa mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF upo kwa wanachama, ila hulipwa baada ya madai, hivyo usiutegemee kwa mafuta ya kesho. Waambie watunze risiti zote: gharama za mazishi hutolewa kwenye mali ya marehemu kabla ya madeni na kabla ya warithi.

Kuhusu kuchomwa mwili: Kanisa Katoliki linaruhusu tangu mwaka 1963, na mwongozo wake wa 2016 unakataza kumwaga majivu au kuyaweka nyumbani. Uislamu hauruhusu. Wahindu ndio wenye uzoefu nchini. Kuchoma mwili juu ya rundo la kuni hula takriban kilo 400 hadi 500 za kuni, na kuni Dodoma si za kuokota. Usiandike "nichomwe" kabla hujakubaliana na wenye mahali, kwa maandishi.

Ukitaka kutoa mwili kwa masomo, nenda mwenyewe idara ya anatomia ya chuo chenye shule ya udaktari, uulize kama wanapokea, nani analipa usafiri, mwili unakaa muda gani na nani anazika mabaki. Mwenza au mtoto mkubwa naye atie saini. Chuo kinaweza kuukataa mwili siku hiyo kwa sababu ulishapasuliwa kwa uchunguzi, ulichelewa ukaharibika, au kuna ugonjwa wa kuambukiza. Kwa hiyo lazima uandike pia mahali pa kuzikwa. Kuhusu figo, upandikizaji unaofanywa Hospitali ya Benjamin Mkapa tangu 2018 umejengwa juu ya ndugu aliye hai kumtolea mgonjwa. Anayetaka kutoa figo azungumze na daktari angali hai. Na kifo kikiwa cha ghafla au cha kutiliwa shaka, mamlaka zinaweza kuagiza uchunguzi wa mwili hata kama uliandika usipasuliwe.

Maneno ya karatasi yawe mafupi:

"Mimi ........, namba ya NIDA ........, mkazi wa Nkuhungu, Dodoma, nikiwa na akili timamu, naelekeza nizikwe ........ kwa taratibu za ........ Ikishindikana kwa fedha au muda, nizikwe ........ Msimamizi wa mazishi yangu ni ........; asipokuwepo, ........ Fedha ziko ........"

Sentensi ya "ikishindikana" usiiache. Bila hiyo, kikwazo kidogo hulifuta agizo lote na kila mtu anaanza upya na lake.

Weka saini na tarehe mbele ya mashahidi. Fuata kipimo cha wosia wa kimila wa maandishi: kama unajua kusoma na kuandika, mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, kama hujui, wanne, wawili kwa wawili. Shahidi wa ukoo awe yule ambaye sauti yake husikika kikaoni, baba mdogo au shangazi, hata kama hapendi ulichoamua. Akitia saini leo, kesho hawezi kusema hakuambiwa.

Toa nakala tano: kwa mwenza, kwa msimamizi wa mazishi, kwa paroko, mchungaji au imamu, kwa mwenyekiti wa mtaa, na moja pamoja na wosia wako, ambao unaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Usiifungie kabatini ukaondoka na ufunguo. Ukihama, ukioa au kuolewa, ukiachana au ukibadili dini, andika upya na ukusanye za zamani uzichane.

Msimamizi naye mwelekeze: achukue kibali cha mazishi hospitalini, au kwa mtendaji kama umefia nyumbani, kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Mabishano yakizuka, aombe zuio mahakamani kabla ya kaburi kufukiwa, kwa maana kufukua baadaye kunahitaji amri, na mahakama huitoa kwa uzito sana.