Bunduki ya .22 Texas: Kabla Hujapenda Bunduki, Soma Tarehe ya Leseni

Leseni yangu ya kuwinda iliisha usiku wa tarehe 31 Agosti, mimi nimelala na bunduki iko kabatini. Leseni hiyo nilikuwa nimeikata Julai, wiki tano tu kabla. Nikadhani nimelipia mwaka mzima, kwa sababu jamaa ninayefanya naye kazi alikuwa na leseni ya kuvua inayohesabu mwaka kuanzia siku aliyoikata. Texas wanauza leseni ya kuvua ya namna hiyo. Leseni ya kuwinda haiendi hivyo. Uikate Septemba, uikate Machi, uikate Julai, yote inaisha tarehe 31 Agosti. Mpya zinaanza kuuzwa katikati ya Agosti.

Raia akichelewa kukata mpya, kosa lake ni dogo, na ni kosa tu akienda kuwinda. Mimi nilikuwa na viza ya kazi. Kwa mtu mwenye viza kama yangu, ile karatasi ndiyo kitu pekee kilichokuwa kinahalalisha bunduki kukaa nyumbani kwangu. Ilipoisha, nikawa natenda kosa la jinai la shirikisho kila siku, hata siku ambazo sikufungua kabati.

Naomba hapa usome taratibu. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mgeni aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji kuwa na bunduki au risasi. Hapo wamo wanafunzi, wafanyakazi wa H-1B, wa mafunzo ya J-1 na wageni wa matembezi. Kuna misamaha michache, na unaotumiwa na watu wa kawaida kama sisi ni mmoja: uwe na leseni ya kuwinda iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani, na iwe hai. Leseni ya kuvua haihesabiki. Leseni iliyokwisha jana haihesabiki. Adhabu ya juu ilikuwa miaka 10 jela, na tangu Juni 2022 ni miaka 15.

Neno la sheria ni pana kuliko "kumiliki". Ni kuwa nayo: mkononi, garini, au mahali unapoweza kuifikia. Ukikodi bunduki uwanja wa shabaha kwa nusu saa, umekuwa nayo. Risasi moja iliyosahaulika kwenye droo, umekuwa nayo. Mke wako ana kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, na bunduki ni yake kihalali, lakini ufunguo wa kabati unaujua? Hapo mwendesha mashtaka ana pa kuanzia. Mke ndiye afunge, na ufunguo akae nao yeye.

Nilijua Novemba. Nilikwenda dukani kuongeza bunduki ya pili, nikajaza Fomu 4473, ile ambayo kila mnunuzi hujaza mbele ya muuzaji mwenye leseni. Fomu inauliza uraia, inauliza kama uliingia kwa viza isiyo ya uhamiaji, na ukijibu ndiyo inauliza msamaha wako ni upi, kisha muuzaji anataka aone ushahidi. Nikatoa leseni yangu kwa kujiamini. Yule mzee akaisoma, akanitazama, akaniuliza ile bunduki ya kwanza iko wapi. Nikamjibu ukweli: nyumbani. Akafunga daftari lake na kuniambia kwa sauti ya chini niende kwa mwanasheria siku hiyohiyo, na nisiende kwanza nyumbani kuishika. Sina la kumlaumu. Alinitendea kama mtoto wake.

Siku 76 zilikuwa zimepita tangu leseni iishe. Mwanasheria ndiye aliyepanga bunduki ichukuliwe na mtu anayeruhusiwa, kwa maandishi, mimi nikiwa sebuleni. Mwajiri wangu alikuwa ameanza kuniombea kadi ya kijani, na ndani ya fomu ya maombi kuna swali ambalo wengi hujibu "hapana" bila kulisoma: je, umewahi kutenda kosa lolote, hata kama hukukamatwa wala kushtakiwa? Ukisema hapana na huku unajua, umedanganya serikali, na uongo huo unaweza kukufuata mpaka siku ya kuomba uraia. Nikajibu ndiyo, nikaandika barua ya maelezo. Nikashauriwa nisitoke nje ya nchi mpaka jambo liishe. Miezi hiyo bibi yangu alizikwa Nzega na mimi niko Houston, nasikiliza mazishi kwenye simu. Bado naandika hili nikiwa na uchungu.

Kwa hiyo narudia, na nitarudia tena mbele: soma tarehe ya leseni. Usiulize tarehe ya kununua, uliza tarehe ya kuisha. Majimbo hayafanani. Minnesota, kwa mfano, mwaka wao wa leseni unaanza tarehe 1 Machi na kuisha siku ya mwisho ya Februari. Ukihama jimbo usibebe mazoea ya kule ulikotoka.

Taratibu nyingine ni nyepesi. Aliyezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971 anatakiwa kusoma kozi ya usalama wa uwindaji ya Texas, na mtu mzima anaimaliza mtandaoni. Leseni ya mkazi ni dola 25. Dukani beba kitambulisho chenye anwani unayoishi sasa, pamoja na namba yako ya I-94, ile rekodi ya kuingia kwako Marekani. Muuzaji anaulizia rekodi zako FBI, jibu likichelewa unasubiri siku kadhaa za kazi. Kwenye Fomu 4473, swali la bangi lisome vizuri, kwa sababu sheria ya shirikisho haijali jimbo lako limeruhusu nini.

Sasa bunduki zenyewe, maana najua wengi mmekuja kwa hilo. Waliokulia Tabora au Singida wanajua gobore la babu: unashindilia baruti, unaomba Mungu, na kanga akiruka ukakosa, umemaliza siku. Ukitoka huko ukashika .22 nusu otomatiki (namba hiyo ni upana wa risasi kwa inchi), mkono unashangaa. Hairushi bega. Unavuta kifyatulio mara moja, inatoka risasi moja, ganda linaruka lenyewe, nyingine imekwishaingia. Risasi yake, .22 LR, ilibuniwa Marekani mwaka 1887, na kinachoitofautisha ni kwamba kemikali ya kuiwasha imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, siyo kwenye kidonge cha katikati. Ndiyo maana ganda likishalipuka halijazwi tena. Ndiyo maana pia ni ya bei ndogo, na mtu anaweza kupiga mia tano Jumamosi moja bila kuhesabu mshahara.

Ninayoipenda ni Ruger 10/22. Imetengenezwa tangu 1964, na ile ya kawaida ina uzito wa kilo mbili na kitu. Magazini yake ya risasi kumi inazunguka kama ngoma ndogo ndani na haitokezi chini ya bunduki, basi ukiibeba msituni mkono unaishika pale palipo na mizani. Kilichoifanya ipendwe zaidi ni vipuri: mtutu, kitako, kifyatulio, vyote unabadilisha mwenyewe mezani. Mtu anaanza na ya dola mia tatu na kitu, na miaka mitano baadaye kilichobaki cha asili ni namba ya usajili. Ina tabia moja ya kuiangalia: risasi ya mwisho ikitoka, haibaki wazi. Inajifunga kana kwamba bado imejaa. Kwa hiyo usiamini hesabu yako, vuta nyuma na uchungulie chemba kwa macho, kila mara.

Marlin Model 60 ni ya wazee. Ilianza 1960, na risasi zinakaa kwenye bomba refu chini ya mtutu, kumi na nne katika matoleo ya baadaye. Haitengenezwi tena siku hizi, lakini zilizotoka ni mamilioni, na zilizotumika zinapatikana kwa bei ya huruma. Kwa kupiga kopo umbali wa mita hamsini sijaona tofauti kubwa na ya kwangu, na ya rafiki yangu mmoja inanishinda. Kujaza bomba ni kazi ya subira, lakini kwa anayejifunza hilo si baya, maana linamlazimisha apumzike. Browning SA-22 ni uzuri mtupu: ubunifu wa John Browning, ilitoka 1914, inagawanyika vipande viwili bila vyombo, na maganda yanadondokea chini kwa hiyo hayampigi aliye kulia kwako. Bei yake inakaa mbali na mtu mwenye ada za shule za kutuma nyumbani. Savage A17 inatumia risasi ya .17 HMR, yenye kasi zaidi na inayofika mbali zaidi, lakini kila risasi ni ghali, na kwa kindi inaharibu nyama.

Kwa kindi wa mashariki ya Texas, msimu ukianza Oktoba, .22 inatosha kabisa. Tumia risasi yenye ncha ya shimo, lenga kichwa, usizidi mita hamsini. Usipige juu ya tawi kama nyuma yake hakuna shina. Risasi hii ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na hapa nyuma ya kila msitu kuna nyumba ya mtu.

Nchi hii ina ukarimu ambao sisi wageni hatujazoea kuuogopa. Kwetu mgeni hupewa chai. Texas, mwenyeji akikupenda anakupeleka nyuma ya shamba lake, anakupa bunduki ya mtoto wake na kusema jaribu. Anafanya hivyo kwa moyo safi kabisa. Hajui kwamba sheria yake na yako ni mbili, hakuna aliyewahi kumwambia. Wamezoea kuiona bunduki imepangwa dukani jirani na viatu na ndoano za samaki, kwa hiyo hawaoni kizingiti ambacho kwako kipo. Naona ni kosa la nchi kumwekea mgeni mtego wa miaka 15 mahali ambapo hakuna kibao. Lakini maoni yangu hayabadilishi sheria, wala yako.

Kama unadhani ninakuza mambo, iko kesi ya Rehaif. Alikuwa kijana kutoka Falme za Kiarabu, alikuja Florida kwa viza ya mwanafunzi, akaachishwa chuo kwa sababu ya alama, na hadhi yake ikaisha. Akaenda uwanja wa shabaha, akapiga bunduki mbili. Akahukumiwa miezi 18. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema serikali lazima ithibitishe kwamba mshtakiwa alijua yuko katika kundi lililokatazwa. Watu wamelishika hilo kama kinga. Wewe unajua vizuri una viza gani, imegongwa kwenye pasipoti yako. Usilolijua ni sheria, na kutoijua sheria hakukuokoi.

Wadogo zangu mnaokuja kutembea: najua mnataka ile picha ya kuweka WhatsApp. Viza ya matembezi bila leseni ya kuwinda iliyo hai, hapana, hata kwa dakika moja, hata kama wa uwanjani hakuulizi. Na nyie mlioko nyumbani mnaoniandikia "kaka, kwa vile huko ni rahisi, ninunulie moja uje nayo", nawapenda ila sikilizeni. Kumnunulia mtu mwingine asiyeruhusiwa ni kosa peke yake, nalo linafika miaka 15. Kuitoa Marekani kunahitaji kibali, na kuiingiza Tanzania mnajua wenyewe njia ya kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ilivyo ndefu. Msiniombe tena.

Begi la uwanja wa shabaha lisiwe kamwe begi la safari. Risasi ya .22 ni ndogo kuliko kifundo cha kidole, inajificha kwenye mshono wa mfuko. Usitake kuikumbuka mbele ya mashine ya ukaguzi.

Na kama unasoma hivi na leseni yako imeshapita tarehe, usikimbie kukata mpya ukadhani umefuta siku zilizopita. Bunduki usiisafirishe mwenyewe, usimpe rafiki kimyakimya. Piga simu kwa mwanasheria wa uhamiaji anayejua pia jinai, leo.

Mimi nina kadi ya kijani sasa, 10/22 imerudi, na tarehe 31 Agosti imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye mlango wa friji ingawa kwangu haina tena uzito ule. Desemba mdogo wangu anakuja kwa viza ya matembezi, na ameshaulizia bunduki mara tatu. Wiki hizo itakaa kwa rafiki yangu. Tutakwenda kuvua samaki, na leseni nitamkatia siku atakayofika.